Kiongozi Yuko Msibani, Kitufe Abonyeze Nani?

Saa nne na nusu usiku kundi letu la WhatsApp lilikuwa na ujumbe wa aina moja tu. "Mkubwa upo?" "Lida, dirisha linafungwa asubuhi." "Lida jamani!" Mimi nilishamwandikia pembeni tangu alasiri, na chini ya ujumbe wangu ilikuwa imekaa tiki moja ya kijivu, ile inayokuambia kwamba simu ya mwenzako imezimwa au iko mahali pasipo na mtandao. Siku mbili kabla alikuwa amepanda basi stendi ya Magufuli, Mbezi, kwenda kumzika mjomba wake kwenye kijiji cha kando ya Ziwa Nyasa, wilaya ya Ludewa. Hakuna aliyemlaumu kwa kwenda; rambirambi tulichanga wenyewe. Taabu ni kwamba klani nzima, watu 43 wa kutoka Mbagala, Sinza, Tabata hadi Kigamboni, ilikuwa inasubiri kidole chake kimoja.

Kwa asiyecheza: Clash of Clans ni gemu ya simu ya kampuni ya Supercell ya Finland, iliyotoka mwaka 2012. Unajenga kijiji chako, unajiunga na klani isiyozidi watu 50, kisha mnapigana na klani nyingine. Vyeo ni vinne: mwanachama, mzee, kiongozi mwenza (sisi tunamwita ko-lida) na kiongozi mmoja, yaani lida. Mwanzoni mwa kila mwezi kuna ligi: klani 8 katika kundi, na kila klani inapigana vita 7, na kila mmoja wenu anataka kuwemo. Dirisha la kujisajili linakaa wazi siku chache tu, na anayeweza kuisajili klani ni lida au ko-lida. Sisi hatukuwa na ko-lida hata mmoja. Wiki mbili nyuma ulizuka ugomvi wa nani alimtoa nani kwenye vita bila kumuuliza, na lida kwa hasira akawashusha ko-lida wote wanne wakawa wazee. Alipanga kuwarudisha hasira zikipoa. Mjomba akafariki kabla hazijapoa.

Usiku ule kijana mmoja wa Mbagala akaja na ufumbuzi. Lida anaishi Tabata na mdogo wake, na barua pepe ya lida iko wazi kwenye tableti ya nyumbani. Basi dogo aombe ile namba ya kuingilia ambayo Supercell hutuma kwa barua pepe, aingie kama kaka yake, abonyeze, atoke. Dogo alikuwa amelala. Alipoamka na kuingia, dirisha lilikuwa limeshafungwa. Lakini kwa vile alikuwa ndani, na kwa vile kulikuwa na watu wawili waliowahi kumtania vibaya kwenye kundi, akawafukuza. Kwenye gumzo la klani ikaandikwa wazi kwamba waliofukuzwa wamefukuzwa na lida. Mpaka leo mmoja wao anaamini hivyo, na ukimweleza kwamba lida siku hiyo alikuwa makaburini anakuambia, "Makaburini na simu mkononi."

Kwa muda mrefu nilikisimulia kisa hiki kama habari ya uzembe. Siku hizi naona vingine. Lida wetu hatukumwokota. Tulimpigia kura, akashinda kwa 29 dhidi ya 11. Tulikuwa na uchaguzi, tulikuwa na mshindi, tulikuwa hata na kanuni za kuzuia matusi. Tulichokosa ni jibu la swali moja: mtu tuliyemchagua asipokuwepo, madaraka yake yanakaa wapi?

Kasimu, kaimu, rithi

Bahati nzuri Kiswahili kimeshaifanya nusu ya kazi. Tuna maneno matatu ambayo watu huyachanganya, na ukiyatenganisha mambo mengi yanakaa sawa.

Kukasimu kunatokana na Kiarabu, shina lenye maana ya kugawa. Mwenye cheo yupo, ana akili zake na simu yake, lakini anamkatia mwingine kipande cha kazi: wewe pokea wanachama wapya, wewe panga vita vya Jumamosi. Kipande hicho bado ni chake, na akitaka anakichukua hata leo jioni. Kukaimu ni jambo jingine. Shina lake linahusu kusimama, na neno makamu limetoka kwenye ukoo huohuo, likimaanisha mahali pa kusimama. Kaimu anasimama mahali pa mtu ambaye hayupo. Kiti kina mwenyewe, ila mwenyewe ametoka. Na kurithi ni pale kiti kinapobaki bila mwenyewe kabisa: amejiuzulu, amefariki, amefungiwa akaunti, au ameichoka gemu na kuifuta.

Ukitaka kuona tofauti hii ikiwa imeandikwa vizuri, fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 37. Rais akiwa nje ya nchi au akishindwa kufanya kazi kwa sababu nyingine, kazi zake zinafanywa na Makamu wa Rais. Naye kama hayupo au ni mgonjwa, Waziri Mkuu. Huko ni kukaimu. Na hapo ndipo penye utamu: ibara hiyohiyo inasema mtu anayekaimu hana mamlaka ya kulivunja Bunge, wala kumwondoa Waziri, wala kufuta uteuzi uliofanywa na Rais. Anaendesha gari, ila haruhusiwi kuliuza. Kurithi nako kumo. Rais John Magufuli alipofariki Machi 17, 2021, Samia Suluhu Hassan hakuapishwa kuwa kaimu. Machi 19, Ikulu ya Dar es Salaam, aliapa kuwa Rais kamili kwa kipindi kilichobaki.

Bunge lina mfano mkali zaidi. Spika akisafiri, Naibu Spika anakalia kiti na kazi zinaendelea; wote wawili wasipokuwepo, kuna Wenyeviti wa Bunge. Lakini kiti cha Spika kikiwa wazi, Katiba inazuia Bunge kufanya shughuli yoyote isipokuwa kumchagua Spika mwingine. Job Ndugai alipojiuzulu Januari 2022, Naibu Spika Tulia Ackson alikuwepo, mzima wa afya, na bado jambo la kwanza lililobidi lifanyike ni uchaguzi, ambao yeye mwenyewe alishinda Februari 1. Mtu yuleyule aliyeweza kuongoza kikao wiki moja hawezi kuongoza hichohicho wiki nyingine, kwa sababu tu kutokuwepo kumegeuka kuwa nafasi wazi.

Kuna watakaosema, aa, hii ni gemu, Katiba ya nchi ya nini? Sikatai. Ila watu 43 wanaogombania medali za ligi hugombana kama watu wanaogombania kiwanja, na hawana mahakama.

Mashine haijui kaimu

Sasa kwenye simu. Tatizo la msingi ni kwamba programu nyingi zinajua mambo mawili tu: una kitufe, au huna. Hazina hali ya katikati ya "anacho mpaka Jumatatu".

Clash of Clans ni mfano mzuri. Lida anaweza kumpa mtu mwingine cheo cha lida, lakini lida ni mmoja tu. Ukishampa, wewe unashuka papo hapo unakuwa ko-lida. Ukirudi kutoka safari huna namna ya kukichukua cheo chako kwa nguvu. Mpaka yeye akurudishie. Kwa lugha ya hapo juu, ulitaka kukaimisha, programu ikarithisha. Ndiyo maana viongozi wengi wanaogopa kitufe hicho na kukimbilia njia ya dogo wa Tabata, yaani kutoa akaunti. Ukiacha kwamba masharti ya gemu yenyewe yanakataza kuchangia akaunti, njia hiyo inafuta kitu ambacho kaimu yeyote lazima awe nacho: jina lake mwenyewe juu ya alichokifanya. Ahadi ya zamani ya mwana-TANU ilisema cheo ni dhamana, na ikamkataza mtu kutumia kwa faida yake cheo chake "wala cha mtu mwingine". Sijui kama walioiandika walifikiria tableti, lakini wamemlenga dogo katikati ya kifua.

WhatsApp, ambako ndiko siasa zetu zote zinakofanyika, ina tabia yake. Msimamizi pekee wa kundi akijitoa, mfumo unamteua mwanakundi mwingine kwa bahati nasibu. Yaani kundi la watu mia tatu linaweza kuamka asubuhi likiwa chini ya mtu aliyejiunga jana kuuza chaja. Huo pia ni urithi, na ni urithi wa karata.

Discord, programu ya gumzo iliyoanza mwaka 2015 na inayopendwa sana na wachezaji, imekaa vizuri zaidi. Pale unaunda majukumu, kila moja na ruhusa zake, na yanapangwa kama ngazi: mtu hawezi kugusa jukumu lililo sawa na lake au juu yake. Unaweza kutengeneza jukumu linaloitwa "Kaimu" lenye ruhusa ya kutangaza na kunyamazisha watu lakini lisilo na ruhusa ya kufuta vyumba vya gumzo. Huko ni kukasimu kwa maana halisi ya kugawa vipande. Hatari yake ni ile ruhusa moja ya usimamizi mkuu, ambayo ukiitoa umetoa karibu zote kwa pamoja. Nimeona watu wakiitoa kwa sababu ni haraka kuliko kusoma orodha.

Gemu inayohesabu ridhaa, siyo kura

Lakini ukitaka kuona jambo hili likiwa limefikiriwa hadi mwisho, nenda kwenye gemu isiyo na risasi hata moja. NationStates ilianzishwa Novemba 2002 na mwandishi wa Australia, Max Barry. Unaunda nchi yako, unaiendesha kwa kujibu maswali ya sera, na nchi zinakusanyika katika kanda. Kila kanda ina mjumbe mkuu, na mjumbe huyo hapatikani kwa kura. Ni yule mwanachama wa Baraza la Dunia la ndani ya gemu mwenye ridhaa nyingi zaidi kutoka kwa wanachama wenzake wa kanda hiyo. Mfumo unahesabu ridhaa, aliye juu ndiye mjumbe, basi. Na kanda ikimruhusu mamlaka ya utendaji, anaweza kufukuza nchi nyingine kutoka kwenye kanda.

Wachezaji hawakuridhika na hesabu tupu. Kanda kubwa zikaandika katiba zao wenyewe, zikawa na mabunge, mahakama na uchaguzi. The North Pacific, mojawapo ya kanda kubwa na za zamani, inachagua mjumbe kila baada ya miezi minne. Kinachonivutia ni jinsi uchaguzi unavyounganishwa na mashine. Mtu akishinda kura, wananchi wanaombwa wampe ridhaa zao ili mfumo umtambue. Na makamu wake hakai akisubiri kuitwa: anakusanya ridhaa nyingi naye, ili abaki karibu na mjumbe. Mjumbe akitoweka, ridhaa zake zikaporomoka au nchi yake ikafutika, mfumo wenyewe unampandisha anayefuata. Zaidi ya hapo kuna baraza la usalama, watu waliokaa muda mrefu na kujijengea ridhaa, ambao wamepangwa katika mstari wa urithi. Kwa maneno mengine, walichukua mashine isiyojua kaimu wakaizungushia utaratibu hadi ikafanya kazi kama inamjua.

Angalia na hili. Katika gemu hiyo nchi isiyoingiwa na mwenye nayo kwa siku 28 inakoma kuwepo. Ukijua unasafiri unaweka hali ya likizo, na unapata siku 60. Kwa hiyo mfumo unatambua kutokuwepo kwa mtu, na hata unamhurumia. Haujui chochote kuhusu kutokuwepo kwa ofisi yake. Mjumbe aliye likizo siku 50 nchi yake iko salama, ridhaa zake zimekaa pale pale, na kazi zake hazifanywi na mtu. Pengo hilo, kati ya mtu kuwa hai na ofisi kuwa hai, ndilo linalobidi lizibwe kwa maandishi.

Baadaye gemu iliongeza maofisa wa kanda: mtu mmoja anapewa mwonekano wa kanda, mwingine ulinzi wa mipaka, mwingine mawasiliano, mwingine balozi, mwingine kura za maoni. Ni kukasimu kulikopikwa ndani ya mashine. Ulinzi wa mipaka ndio unaoogopwa, maana ndani yake mna nguvu ya kufukuza. Mapinduzi katika gemu hiyo hayahitaji vifaru. Yanahitaji mtu mmoja aliyepewa kitufe cha kufukuza kwa nia njema na asiyekirudisha.

Bili moja na mkurugenzi mmoja

Kuna gemu nyingine ambako mambo haya yamegharimu vikubwa zaidi. EVE Online ya kampuni ya CCP ya Iceland, iliyoanza mwaka 2003, ni ulimwengu wa vyombo vya angani ambamo maelfu ya watu hujipanga katika mashirika, na mashirika katika miungano. Visa viwili vya humo navipenda kwa sababu vinaonyesha nyuso mbili za tatizo letu.

Cha kwanza ni cha Januari 27, 2014. Muungano mmoja ulikuwa unamiliki mfumo wa nyota uitwao B-R5RB, na umiliki hulipiwa ada kila kipindi. Ada ya kipindi hicho haikulipwa. Hakuna aliyepindua mtu. Malipo tu hayakuingia, umiliki ukakatika, na maadui wakaingia. Vita iliyofuata ilidumu saa 21 hivi, ikahusisha zaidi ya wachezaji 7,500, na meli kubwa kuliko zote, ziitwazo Titan, 75 zikateketea. Thamani ya vilivyoharibika, ikigeuzwa kuwa pesa halisi, ilikadiriwa kuwa kama dola 300,000 za Marekani. Yote yalianzia kwenye kazi ya karani.

Watu wakizungumzia kukaimu huwaza amri kubwa: nani atangaze vita, nani afukuze. Kumbe kinachoua jamii mara nyingi ni bili, ni usajili, ni kitufe cha dakika moja kinachobonyezwa mara moja kwa mwezi. Sisi tulikosa ligi kwa kitufe cha aina hiyo.

Cha pili ni cha Februari 2009. Muungano wa Band of Brothers ulikuwa miongoni mwa wenye nguvu kuliko yote katika EVE. Mkurugenzi wake mmoja akahamia upande wa maadui, Goonswarm, na kabla ya kuondoka akatumia ruhusa zake kuuvunja muungano mzima. Hakudukua kitu. Alikuwa na kitufe, akakibonyeza. Alikuwa amepewa kwa sababu wakurugenzi hupewa, ili kazi ziende hata mkuu asipokuwepo. Ukivisoma visa hivi pamoja unaona mtego wenyewe: ukibana madaraka mkononi mwa mtu mmoja, bili haitalipwa siku akiwa hayupo, ukiyamwaga yote, siku moja mmoja wao atabomoa nyumba.

EVE ina jambo jingine la kuiga. Wachezaji wake huchagua baraza la kuwawakilisha mbele ya kampuni, na uchaguzi wa kwanza ulikuwa mwaka 2008. Mabaraza ya mwanzo yalikuwa na wajumbe 9 na wajumbe wa akiba 5, wote wametoka kwenye kura zilezile. Mjumbe akikosekana, wa akiba anaingia. Hii inajibu lawama ambayo hata kwetu ilitokea: lida akimteua rafiki yake kukaimu, waliompigia kura lida hawakumpigia rafiki. Akiba wakitoka kwenye sanduku moja na mshindi, mdomo unafungwa. Kwenye kura yetu ya 29 kwa 11, yule wa 11 alikuwa kaimu wa halali kabisa, na hakuna aliyemfikiria. Alikuwa anaitwa "mpinzani".

Nini kiandikwe

Baada ya ligi kutupita, na watu 9 kuhamia klani ya jirani, tulikaa kuandika. Tulikutana mara moja ana kwa ana, Sinza, kwenye kibanda cha chipsi, watu 6, na nusu saa ya kwanza iliisha kwa kubishana kama mayai ya chipsi mayai yawe mawili au matatu. Nusu saa ya pili ilikuwa ya maana.

Tulianza vibaya, kama wengi: nani awe kaimu. Swali hilo ndilo jepesi kuliko yote. Gumu ni lini mtu ahesabiwe kuwa hayupo. Jiji hili umeme unakatika, bando linaisha katikati ya mwezi, mtu anakwama kwenye foleni ya Mandela saa mbili na simu ina asilimia 3. Hayo si kutokuwepo. Kwa upande mwingine, "alionekana mara ya mwisho" ya WhatsApp si ushahidi, maana wengi wameificha. Mwishowe tulikubaliana kwamba kutokuwepo ni kwa aina mbili tu. Ama mwenyewe amesema, na tarehe ya kurudi ameitaja. Ama ameitwa hadharani kundini, kwa jina, na saa zikaanza kuhesabika tangu alipoitwa. Ujumbe wa pembeni hauhesabiki. Nilipinga kidogo, kwa sababu ujumbe wangu ulikuwa wa pembeni, nikashindwa kwa hoja: kuita hadharani kunampa kila mtu nafasi ya kusema "nimeongea naye, anapanda gari sasa hivi".

Saa ngapi? Hapa hakuna namba ya kuazima kwa jirani. Inategemea saa ya gemu yenyewe. Vita ya kawaida ya Clash of Clans ina siku moja ya maandalizi na siku moja ya mapigano, kwa hiyo kusubiri saa 48 ni kuamua kuikosa vita nzima. Sisi tuliweka saa 10, na saa 3 kama dirisha la ligi linafungwa siku hiyo. Katika NationStates, ambako mambo huenda kwa siku na wiki, saa 10 zingekuwa uchokozi.

Mipaka ya kaimu ilizua ubishi mkubwa zaidi. Mwanzoni tuliorodhesha vilivyoruhusiwa, orodha ikawa ndefu kama ya mahari. Ndipo dada mmoja wa Kigamboni, ambaye kazini kwao amewahi kukaimu miezi saba bila posho, akasema tupime kila jambo kwa swali moja: lida akirudi usiku, anaweza kulirudisha lilivyokuwa kabla hajalala? Kupanga vita, ndiyo. Kusajili ligi, haliwezi kurudishwa, lakini ni jambo ambalo lida mwenyewe angelifanya kila mwezi, kwa hiyo ruksa. Kumfukuza mtu, hapana, maana hata ukimwita tena haji yuleyule. Kumpandisha mtu cheo, hapana. Aliye mtukutu mno ashushwe tu, lida akirudi ataamua. Programu inampa ko-lida uwezo wa kufukuza wanachama, na sisi hatuwezi kuuondoa kwenye mashine. Tuliuondoa kwenye maandishi, tukaongeza kwamba kaimu akifukuza mtu ukaimu wake unakoma hapo hapo.

Kuhusu nani: mshindi wa pili wa kura, kisha wa tatu, kisha mzee aliyekaa klani muda mrefu kuliko wote. Watatu si wengi. Kuna wikiendi lida na wa pili wote walikuwa kwenye harusi moja Bagamoyo, meza moja, na picha zao zilikuwa kundini wakati sisi tunapigwa. Na kaimu hawezi kumpa mtu mwingine ukaimu wake. Akishindwa, mstari unasogea wenyewe. Hilo lilipita bila ubishi. Kila mtu alimkumbuka dogo.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kurudi. Ukaimu usio na siku ya mwisho huoza polepole na kuwa urithi, na hauozi kwa ubaya. Lida anarudi amechoka, anaona mambo yanaenda, anasema acha jamaa aendelee wiki hii. Wiki inakuwa mwezi. Siku akitaka cheo chake watu wanamwona mnyang'anyi, ilhali ndiye waliyemchagua. Tuliandika kwamba ukaimu unakufa lida anapoandika neno "nimerudi" kundini, na kama hajaandika, unakufa siku ya 14. Siku ya 15 hakuna kaimu tena. Kiti kiko wazi, na kazi pekee inayoruhusiwa ni kupiga kura. Hapo tuliliiga Bunge bila aibu. Tukaongeza kwamba kaimu ataandika kundini kila alichobonyeza, mstari mmoja kwa kila jambo, kwa jina lake.

Kanuni nzima ina mistari 9. Klani ya watu 15 wanaokaa mtaa mmoja haihitaji hata huo wingi. Wao watagonga mlango. Na sisi bado kuna tundu hatujaliziba: mashine inamtaka kaimu awe ko-lida kabla lida hajaondoka, kwa hiyo kama ameondoka ghafla bila kumpandisha mtu, maandishi yetu yote ni karatasi. Ndiyo maana mstari wa kwanza, juu ya yote, unamlazimu lida kuwa na ko-lida wawili wakati wote, hata akiwa amewakasirikia.

Mwezi uliopita tulipata jaribio. Lida akaandika kundini: "Naenda Mtwara kikazi, narudi Jumatatu saa mbili usiku. Kaimu ni wa pili." Wa pili, yule wa kura 11, alipandishwa ko-lida usiku huohuo. Ijumaa akaandika, "Nimesajili ligi, watu 30." Jumamosi, "Nimembadilisha mmoja, ana homa, ameomba mwenyewe." Jumapili hakuandika kitu. Jumatatu saa mbili na dakika nane lida akaandika "nimerudi", na wa kwanza kumjibu alikuwa kaimu: "Karibu mkubwa. Nishushe, nikale."